Nimenunua rehani kitalu kimoja mara tatu, ngoja niwape habari

Nianze na nyota kabisa ili mwenye haraka zake aondoke nazo: miche midogo nyota nne, miche mikubwa nyota moja, kijana anayehudumia nyota tano na chenji abaki nayo, udongo wao sitaki hata kuusikia. Kitalu chenyewe sikitaji jina maana sina ugomvi na mtu, ni kimoja kati ya vile vilivyojipanga pembeni mwa barabara huku Dar, unapita na daladala unaona mitende ya mapambo, miembe ya kubebesha, vyungu vya saruji vimepakwa rangi, na ukiwa na macho makali utaona kakona ka viungo huko nyuma karibu na tangi la maji. Kuna mchaichai, nanaa, rozimari iliyodumaa (rozimari na joto letu ni kesi nyingine) na rehani.

Sasa rehani, watu wa bara mkisikia hilo neno mnawaza mtu kaweka kiwanja kwa mkopeshaji. Sisi wa pwani tunawaza harufu. Kwa kina mama yangu Unguja wanasema rihani, ndio ile inayotiwa kwenye kikuba pamoja na asumini na mkadi, mwanamke anakipachika kifuani akienda harusini, ukipishana naye tu kwenye ngazi unajua kuna shughuli. Ile ya kwenye pizza na pesto (sosi ya kijani ya Waitaliano ya rehani iliyosagwa), wazungu wanaiita basil, ni mmea huo huo, tofauti ni aina tu, kama embe dodo na embe boribo. Waitaliano wamechagua ya majani makubwa yaliyobinuka kama kijiko, harufu yake pole, inaitwa Genovese, yaani ya mji wa Genoa. Hiyo ndio niliyokuwa naisaka, kwa sababu binti yangu alikula pesto kwa rafiki yake akarudi nyumbani hataki tena tambi za nazi. Tambi za nazi! Basi nikawa nanunua kile kipakiti cha supamaketi, majani ya kuhesabu, shilingi elfu tatu na mia tano, unakiweka kwenye friji vizuri kabisa, kesho asubuhi majani meusi kama yamepigwa pasi ya mkaa. Nimetupa vipakiti kama vinne hivi kabla sijaambiwa kwamba rehani haipendi baridi, ikishuka chini ya nyuzi 10 hivi majani yanaungua, kwa hiyo friji ndio mahali pabaya kuliko pote. Weka vijiti vyake kwenye glasi ya maji hapo hapo juu ya meza ya jikoni kama maua, inakaa wiki nzima. Hilo ningeambiwa mapema ningeokoa hela ya kilo nzima ya nyama.

Ndio nikasema aa, nipande. Sisi joto tunalo, mmea unapenda joto, kuna shida gani? Kumbe.

Mara ya kwanza nilienda Januari, jua la kaskazi lile la kukausha mate. Nikafika pale nikaona mrehani mmoja umenawiri, unanifika kiunoni, umejaa maua meupe na nyuki wanauzunguka, nikaupenda palepale. Elfu tano. Kulikuwa na vidogo vidogo chini vya elfu moja na mia tano nikaviona kama utani. Yule mzee mwenye kitalu (sio kijana, kijana siku hiyo hakuwepo) akaushika kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea, akaunyanyua na nikasikia kitu kinakatika chini, ktap, kama uzi mnene. Nikauliza shikamoo mzee, nini hicho kimekatika? Akasema marahaba, vimizizi tu hivyo mwanangu, utaota. Mimi nani wa kubisha na mzee. Nikaupakia kwenye bajaji, dereva anasema bajaji yake leo inanukia kuliko dukani kwa mpemba wa manukato, nikawa najiona mjanja.

Siku ya tatu umelala. Siku ya sita nimeukusanya na fagio.

Baadaye ndio nikaelewa. Mche ukikaa kitaluni muda mrefu mizizi inatoboa kiriba inaingia ardhini, pale unapouona umenawiri haunywi maji ya kwenye kiriba, unakunywa ya chini, ni mti wa shambani umevalishwa kiriba. Siku unauzwa unang'olewa, mzizi mkubwa unabaki kwao, wewe unaondoka na shina na mapambo. Halafu huo wa kwangu ulikuwa umeshatoa maua, na mrehani ukishatoa maua umeshamaliza kazi yake, akili yake yote iko kwenye mbegu, majani yanayofuata yanakuwa madogo na yanaanza uchungu. Kwa hiyo nilitoa elfu tano kununua bibi kizee aliyevunjika mguu. Nyota moja hiyo, na hiyo moja ni ya harufu kwenye bajaji.

Lakini niwe mkweli, na mimi nilikuwa na dhambi yangu. Kisima cha nyumba tunayopanga kina maji chumvi, wa Dar mnayajua, yale ambayo sabuni haitoi povu na chai inakuwa na ladha ya ajabu. Nilikuwa naumwagia hayo asubuhi na jioni nikidhani nausaidia. Majani ya pembeni yakaanza kuwa ya kahawia, kavu, kama karatasi iliyopitiwa na moto wa mshumaa. Sasa hivi rehani zangu zinakunywa maji ya dumu au ya mvua, nina pipa chini ya bati, maji ya kisima ni ya kufagilia ua. Kwa hiyo ukienda pale kitaluni ukaona miche inang'aa, uliza wao wanamwagilia maji gani. Wao wana ya bomba. Mche uliozoea ya bomba ukaupeleka kwenye chumvi ghafla utakulilia.

Mara ya pili, Februari mwishoni, nikamkuta kijana. Huyu kijana jamani. Nikamwambia yaliyonikuta, hakubisha, alicheka kidogo akasema "Mama ule mkubwa hata mimi nisingekuuzia, ule ni wa kukata mbegu." Akachutama, akanichagulia mitano midogo, kila mmoja anaunyanyua kwanza kuona kama mizizi imetoka chini ya kiriba, anaugeuza anaangalia nyuma ya majani, halafu akafanya kitu ambacho kilinishtua, akachukua mche mmoja mzuri una majani sita akaukata kichwa kwa kucha. Mbele yangu, na nimeshalipa. Nikasema wewe kaka vipi! Akanionyesha pale alipokata, juu ya jozi ya pili ya majani, kwenye kila kikwapa cha jani kuna kachipukizi kadogo kama kichwa cha kiberiti kamelala pale kanasubiri. "Ukikata kichwa hawa wawili wanaamka. Ukiogopa kuukata utakuwa mrefu kama mlingoti alafu utoe maua." Na kale kakichwa alikokata akanipa, akasema katie kwenye maji.

Nikakatia kwenye glasi ya chai dirishani jikoni. Kalikaa siku nne kamenyauka kananiangalia vibaya, siku ya tano kakasimama, siku ya nane nikaona mizizi, nyeupe, nyembamba kama nyuzi za tambi zetu za Ramadhani, inatoka kwenye pingili. Binti yangu alikuwa anabadilisha maji kila jioni bila kuambiwa, mtoto ambaye kitanda chake hatandiki. Mche huo wa bure ndio mkubwa kuliko yote niliyonayo leo na ndio uliozaa wengine saba, maana kila nikipogoa nakatia kwenye maji. Kwa hiyo kiufundi ukinunua mmoja mzima wa elfu moja na mia tano huhitaji kununua tena, na kijana analijua hilo na bado ananiambia. Nyota tano.

Shida zilikuwepo. Kati ya ile mitano, miwili haikuwa Genovese. Ilipofikia saizi ya kiganja nikaona majani yake madogo, yana manyoya, shina gumu, nikafikicha nikanusa, kivumbasi! Kile kile ambacho bibi alikuwa anakifukiza jioni kufukuza mbu. Ndugu yake rehani sawa, ila jaribu kutia kwenye pasta utanipa habari. Nikampigia kijana akasema leta, nikamwambia siji na kivumbasi kwenye daladala, akasema basi kaa navyo panda karibu na dirisha, ukija utachukua miwili mingine bure. Nilipoenda akanipa kweli, bila longolongo. Inaonekana wanakusanya mbegu wenyewe na hawaandiki, kila kitu ni "rehani", wa kikuba rehani, wa pizza rehani, kivumbasi rehani. Ushauri wangu, fikicha jani unuse kabla ya kulipa. Genovese inanukia tamu na mbali mbali kuna karafuu, na jani lake ni laini linateleza kama nailoni. Likikwaruza acha.

Na udongo. Mmoja katika ile mitatu iliyobaki ulidumaa, wenzake wanapanda wenyewe uko pale pale, mchana unalegea hata ukimwagiliwa, jioni unajikaza. Wiki tano nikachoka nikaung'oa. Mizizi imejaa vinundu, kama mtu ametunga shanga kwenye uzi. Minyoo fundo, viminyoo vya udongoni visivyoonekana kwa macho, vinavamia mizizi. Wale wadudu wanapenda udongo wa mchanga na joto, yaani Dar wamefika kwao, na kitalu kinachorudia udongo ule ule, leo nyanya kesho bamia keshokutwa rehani, kinawafuga bila kujua. Nikamwambia kijana kwa upole, akasema atamwambia mzee. Sijaona mabadiliko. Kwa hiyo mimi sasa nikileta mche nyumbani naukung'uta ule udongo wao taratibu kwenye ndoo ya maji, mizizi ikiwa na kinundu hata kimoja natupa kwenye taka sio kwenye bustani, ikiwa safi naupanda kwenye mchanganyiko wangu: udongo mweusi, samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka hainuki, na makumbi ya nazi yaliyosagwa ambayo nayaloweka na kuyasuuza kwanza. Kwenye ndoo za rangi za lita ishirini zilizotobolewa chini. Udongo wa zamani nauloanisha, naufunika na plastiki angavu juani wiki sita za kiangazi, jua lenyewe linaupika. Jua tunalo la kumwaga litufanyie kazi na lenyewe.

Kuhusu jua, hapa vitabu vya kizungu vinatupoteza. Wanaandika jua kali siku nzima. Jua lao! Kwetu Januari na Februari jua la saa nane mchana linaukunja mrehani kama mwavuli, nimezipanga ndoo upande wa mashariki zinapata jua mpaka saa sita hivi, baada ya hapo kivuli cha mpapai wa jirani kinakuja chenyewe. Toka nimefanya hivyo maua yamechelewa na majani yamekuwa makubwa kama masikio ya mbuzi. Miezi ya Juni mpaka Agosti naziacha juani, upepo wa kusi unavuma, raha tupu, huo ndio msimu wenyewe wa rehani Dar ukiniuliza mimi.

Mara ya tatu nilinunua mbegu zao. Pakiti ya nje, picha nzuri, elfu nne. Mbegu zilikuwa nzima kabisa, sina la kusema, nilizisia kwenye trei ya mayai siku ya kwanza ya Machi, ya nne zimeanza kuchungulia, ya saba trei nzima kijani. Ukitaka kujua kama mbegu ya rehani ni ya kweli loweka chache, dakika kumi tu inavimba inavaa koti la utelezi kama mayai ya chura, ndio zile zile zinazoelea kwenye faluda, kwa wanaokumbuka faluda ya Mfungo. Kosa lilikuwa la kalenda. Miche imefika umri wa kuvuna masika nayo imefika. Aprili mvua siku tisa mfululizo, ndoo nilizibana pamoja chini ya upenu zisilowe, hewa haipiti, nikaona majani yanakuwa ya njano kwa vipande vipande, kila kipande kimekatwa na mshipa wa jani kama ramani ya mikoa, nikafikiri yanataka mbolea, nikaongeza samadi. Kugeuza jani, chini kuna vumbi la kijivu zambarau kama umepiga chafya na masizi. Ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu wa majani. Hapo hakuna dawa ya jikoni, sabuni haitibu, mwarobaini hautibu, majivu ndio kabisa. Nimechoma yote ya mbegu zile.

Halafu nilipokuja kusoma kuhusu huo ugonjwa nikakuta wa kwanza kuuandika aliuona Uganda, mwaka 1933! Jirani zetu hapo. Ukakaa kimya weee, ukaja kuibuka Uswisi 2001, ukafika Florida Marekani 2007, na sasa umeenea dunia nzima, unasafiri na mbegu. Kwa hiyo mbegu zile za elfu nne na picha nzuri siwezi kuwashitaki, mvua ilikuwepo na ubanaji ulikuwa wangu, ila ninachosema ni kwamba Genovese ya kawaida haina kinga nao. Kuna aina zilizozalishwa kwa ajili hiyo, Prospera ya Israeli, na zile za chuo kikuu cha Rutgers kule Marekani zinaitwa Devotion na Obsession, majina kama ya pafyumu. Pale kitaluni hakuna, nimeuliza, kijana akanijibu "Mama hizo ndio nini?" Wangeleta hizo ningewapa nyota tano na maua juu. Kwa sasa mbegu zao nyota mbili na nusu, nunua ukiwa na mpango wa kusia Mei mwishoni masika ikiisha, sio Machi kama mimi.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho kinanichekesha. Katika mvua zote zile, ubwiri ukipita na Genovese zangu za mbegu kama moto wa nyika, ndoo moja pembeni haikuguswa. Ni mrihani wa mama mkubwa. Alikuja kututembelea mwaka juzi kutoka Unguja, kwenye mkoba ana vijiti vitatu amevifunga na kitambaa kibichi na mfuko, kashuka navyo kwenye boti kama mtu kabeba dhahabu, akanipa akasema "Mwanangu, nyumba haiwi bila rihani." Nikaichomeka kwenye ndoo kwa heshima tu, sikuijali. Majani madogo, shina lina rangi ya zambarau, haijawahi kufa, haijali chumvi sana, haijali jua la saa nane, kuku wa jirani wanaiparua inarudi. Nimeijaribu kwenye pesto. Hapana. Ina nguvu mno, inaleta karafuu na kitu kama dawa ya meno, binti yangu alikula kijiko kimoja akasema mama hii inanukia harusi. Ila kwenye chai ya rangi jani moja tu, na kwenye mchuzi wa samaki wa kukaanga unapotaka kuuepua, usiniambie kitu.

Pesto yenyewe ya nyumbani kwetu, kwa sababu mtaniuliza: majani ya Genovese mawili mawili ya juu, vitunguu saumu punje moja basi, korosho badala ya zile mbegu zao za msonobari za bei ya mahari, mafuta ya zeituni, jibini ngumu ikiwepo, chumvi. Bakuli la blenda nalitia kwenye friza nusu saa kabla, maana blenda ikipata moto majani yanageuka rangi ya maji ya mtaro. Na usiioshe rehani ukaitia ikiwa na maji, kausha na kitambaa. Inachukua majani mengi kuliko unavyofikiri, glasi kubwa mbili za majani zinatoa kikopo kidogo, ndio maana ya kuwa na ndoo nane.

Mambo mengine ya kitalu haraka haraka. Bei wanaandika kwa chaki na inafutika na mvua kwa hiyo maelewano yapo, ila kwa elfu moja na mia tano mimi sioni haja ya kumlilia mtu. Samadi yao msinunue, haijaoza, ukiifungua gunia inakupiga usoni, itaunguza mizizi. Vyungu vya saruji ni vizuri ila havina tundu chini, muombe kijana akutobolee hapo hapo, ana keekee. Konokono wapo kwenye viriba, kagua. Inzi weupe nao wapo nyuma ya majani ya bamia zilizo jirani na rehani, ukiutikisa mche wakaruka kama vumbi weka chini chukua mwingine.

Wanafungua saa moja asubuhi mpaka giza likiingia, Jumapili wapo. Mkienda asubuhi mtamkuta kijana, mchana anakuwepo mzee, na mzee atawauzia mkubwa wenye maua.